Themistokles: Maisha ya Mtu na Safari ya Jina Lake

Mnamo mwaka wa 1937 mwanaakiolojia Oscar Broneer na wenzake, waliokuwa wakichimbua mteremko wa kaskazini wa jabali la Akropoli mjini Athens, walikuta kisima cha kale kilichokuwa kimefukiwa kwa karne nyingi. Kisimani humo walitoa vigae 190 vya vyombo vya udongo, vingi vikiwa vitako vya vikombe vya kunywea divai. Juu ya vigae hivyo palikuwa pamekwaruzwa kwa ncha kali jina la mtu mmoja, Themistokles, na aghalabu jina la babake, Neokles. Broneer alipoilinganisha miandiko, alibaini kwamba kazi yote ile ilikuwa imefanywa na mikono 14 tu. Vigae hivyo vilikuwa kura. Katika Athens ya karne ya tano K.K., raia aliyetaka mwanasiasa fulani aondolewe mjini alilikwaruza jina la mwanasiasa huyo kwenye kigae na kukipeleka sokoni siku ya kura. Kilichopatikana kisimani, basi, ni shehena ya kura zilizoandaliwa mapema na kundi dogo la mahasimu ili zigawiwe wapigakura. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa zaidi maana ya kura zilizoandikwa kabla ya uchaguzi kufanyika.

Jina lililokwaruzwa kwenye vigae hivyo lilikuwa miongoni mwa majina mazito kimaana ambayo mzazi wa Athens angeweza kumpa mwanawe. Limeundwa kwa viungo viwili. Kiungo cha kwanza kinatokana na themis, neno lenye uhusiano na kitenzi cha kuweka. Themis ni kile kilichowekwa: ada, kaida na uamuzi unaokubalika mbele ya miungu na mbele ya watu. Sheria inayopitishwa barazani Wagiriki waliiita kwa neno jingine, nomos. Themis lilikuwa pia jina la mungu wa kike aliyesimamia mpangilio huo wa mambo. Kiungo cha pili ni kleos, ambacho watafsiri wengi hukiita sifa au utukufu. Tafsiri hizo zinatosha kwa matumizi ya kila siku, ila zinaficha jambo moja: kleos ina asili moja na kitenzi cha kusikia. Ni yale yanayosikika kuhusu mtu. Kiswahili kina kitenzi kinacholikaribia wazo hili kuliko utukufu, nacho ni kuvuma. Ngoma huvuma, upepo huvuma, na mtu naye huvuma. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichotupatia uvumi, na Mgiriki wa kale angeuelewa upesi ujirani huo wa maana, kwani hata katika tenzi za Homer kleos huweza kuwa habari ya kusikia tu, isiyo na hakika. Themistokles, kwa hiyo, ni mtu anayevuma kwa haki iliyowekwa.

Kiungo hicho cha pili kilikuwa kimezagaa katika majina ya Wagiriki. Perikles ni mwenye kuvuma pande zote. Herakles ni kuvuma kwa mungu Hera. Sophokles, ambaye wasomaji wa Kiswahili walimfahamu kupitia Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi, ni aliyevuma kwa hekima. Baba wa Themistokles mwenyewe aliitwa Neokles, yaani mvumo mpya, na si ajabu kwamba kipande cha jina la baba kilipitishwa kwa mwana, maana hiyo ilikuwa desturi ya familia nyingi. Wazazi walilitunga jina jinsi mshairi anavyotunga kibwagizo: sehemu inarudiwa, sehemu inabadilishwa.

Themistokles alizaliwa yapata mwaka wa 524 K.K. Upande wa baba hakuwa na doa, ingawa Plutarch, aliyeandika maisha yake zaidi ya miaka 500 baadaye, anasema ukoo huo haukuwa miongoni mwa zile zilizotajika sana mjini. Tatizo lilikuwa upande wa mama. Wapo waliosema mama alikuwa mwanamke wa Thrace aitwaye Abrotonon; wengine walisema ni Euterpe wa Karia. Kwa vyovyote hakuwa mwenyeji wa Athens. Vijana wa nasaba kama hiyo walifanyia mazoezi ya viungo Kynosarges, nje ya malango ya mji, mbali na wana wa wakubwa. Plutarch anasimulia kwamba kijana Themistokles aliwashawishi baadhi ya wana hao wa wakubwa kushuka Kynosarges na kujipaka mafuta ya mazoezi pamoja naye, na hivyo akaufuta mpaka uliowatenga wageni na wenyeji. Ikumbukwe kwamba mwaka wa 451 K.K. Perikles alipitisha sheria iliyomtaka kila raia awe na baba na mama wa Athens. Lau sheria hiyo ingalikuwepo miaka 70 kabla, Themistokles asingalikuwa raia hata kidogo.

Bahati yake ilikuwa kubalehe katika kipindi ambapo Athens ilikuwa ikibadilisha hata namna ya kuitana. Mnamo 508 K.K. Kleisthenes aliwagawa raia katika makabila kumi mapya yaliyojengwa juu ya vitongoji, na akataka mtu atambulike kwa kitongoji chake badala ya kutambulika kwa jina la baba peke yake. Nia, kwa mujibu wa maelezo ya kale, ilikuwa kuwasitiri raia wapya ambao majina ya baba zao yangewaumbua. Desturi ya zamani haikufa; zote mbili zikaishi sambamba. Mtu akawa na jina lake, jina la baba na jina la kitongoji. Themistokles alikuwa Themistokles wa Neokles wa Phrearrhioi. Jina hilo la kitongoji linafanana na neno phrear, ambalo maana yake ni kisima. Mahasimu wake, walipozitupa kura zao kisimani, huenda hawakuliwazia hilo.

Mwaka wa 493 K.K. alishika wadhifa wa arkoni mkuu. Wadhifa huu ulikuwa na heshima ya pekee kwa mintarafu ya majina, kwani Athens haikuhesabu miaka kwa tarakimu. Kila mwaka uliitwa kwa jina la arkoni wake. Mkataba uliofungwa, mtoto aliyezaliwa, mchezo ulioigizwa, vyote viliwekewa tarehe kwa kutaja kwamba Themistokles alikuwa arkoni. Katika mwaka wake huo ndipo alipoanza kuijenga bandari ya Piraeus, penye ghuba tatu za asili, wakati ambapo wenzake walikuwa bado wakizivuta merikebu zao hadi ufukweni Phaleron. Hapo tayari inaonekana fikra iliyomwongoza maisha yake yote, kwamba Athens ingeokolewa na bahari.

Miaka mitatu baadaye Waajemi walishuka Marathon, nao wakashindwa na jeshi lililoongozwa na Miltiades. Mji mzima ulishangilia na kudhani vita vimekwisha. Themistokles, inasimuliwa, alikosa usingizi na kuacha kwenda karamuni, na alipoulizwa alieleza kwamba kumbukumbu ya ushindi wa Miltiades haimwachi alale. Kisa hiki husomwa aghalabu kama ushahidi wa wivu. Wivu ulikuwepo, bila shaka. Lakini mtu ambaye jina lake lote ni kuvuma asingeweza kuusikia mvumo wa mwingine akatulia.

Katika miaka ya 480 K.K. kura ya vigae ilianza kutumika kwa kasi. Hipparchos aliondolewa mwaka wa 487, Megakles mwaka wa 486, Xanthippos, babake Perikles, mwaka wa 484, na Aristides mwaka wa 482. Themistokles alibaki. Utaratibu wenyewe haukuwa na mashtaka wala utetezi. Kura 6,000 zilihitajika, na aliyetajwa kuliko wenzake aliondoka kwa miaka kumi bila kupoteza mali wala uraia. Hasimu wake mkubwa zaidi alikuwa huyo Aristides, aliyepewa na watu lakabu ya Mwenye Haki. Hapa historia imefanya mzaha wake. Aliyezaliwa na haki ndani ya jina lake alijulikana kwa ujanja, na haki ikawa lakabu ya mpinzani wake. Plutarch anasimulia kwamba siku ya kura mkulima asiyejua kuandika alimwendea Aristides bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristides kigaeni. Alipoulizwa kosa la mtu huyo, mkulima alisema hana kosa lolote, ila amechoka kumsikia kila mahali akiitwa Mwenye Haki. Aristides aliandika jina lake mwenyewe na kukirudisha kigae.

Mzozo wa wawili hao ulihusu fedha. Karibu na mwaka wa 483 K.K. mgodi wa Laurion ulitoa mshipa mpya wa fedha, na baraza likapendekeza kila raia agawiwe fungu lake. Themistokles alisimama akawashawishi waziache fedha hizo na kuunda merikebu za kivita. Hakulitaja tishio la Waajemi, ambalo lilionekana kuwa mbali. Alitaja Aigina, kisiwa jirani ambacho Waathens walikichukia na kukiona kila walipotazama baharini. Merikebu zilizoundwa zilikuwa 200 kwa mujibu wa Herodotus. Wengine wanasema 100. Kuwashawishi maskini wa mji wasipokee fedha iliyokwisha kuchimbuliwa ni jambo ambalo wanasiasa wachache wameliweza, kabla yake au baada yake.

Xerxes alipovuka na majeshi yake mwaka wa 480 K.K., Waathens walituma wajumbe Delphi, wakarudishiwa kauli ya fumbo iliyotaja ukuta wa mbao. Wazee walidhani ni boma la kale la Akropoli. Themistokles alidai kwamba ukuta huo ni merikebu, na hoja yake ikashinda. Ni katika kisa hiki ambapo Herodotus anamtaja kwa mara ya kwanza, na namna anavyomtaja ni ya ajabu: kama mtu aliyechomoza karibuni, akiitwa mwana wa Neokles. Mtu huyo alikuwa amekuwa arkoni miaka 13 nyuma. Huenda Herodotus alipokea habari kwa watu wasiompenda, au huenda alivutiwa na ule upya uliomo ndani ya jina la baba. Mji ulihamwa. Wanawake na watoto walivushwa hadi Troizen na Salamis. Mwaka wa 1959 msomi Michael Jameson aliligundua huko Troizen jiwe la karne ya tatu K.K. lenye maandishi yanayodai kuwa nakala ya azimio la kuhama, na mtoa hoja anatajwa kwa majina yote matatu: Themistokles wa Neokles wa Phrearrhioi. Wataalamu wamezozana tangu hapo kama maneno hayo ni ya mwaka 480 kweli au yalitungwa baadaye. Hata kama yalitungwa, mtungaji alijua kwamba hati isiyo na jina hilo isingeaminiwa.

Habari za vita vya Salamis zimeelezwa mara nyingi. Wagiriki walikuwa na merikebu zipatazo 380, karibu nusu zikiwa za Athens. Waajemi walikuwa na nyingi zaidi, ingawa hesabu ya Herodotus ya merikebu 1,207 inatiliwa shaka. Majemadari wa Peloponesi walitaka kurudi nyuma hadi Shingo ya Korintho. Themistokles alimtuma kwa siri Sikinnos, mtumwa aliyewalea watoto wake, akamwambie Xerxes kwamba Wagiriki wanataka kutoroka usiku na kwamba afadhali awazibie njia. Xerxes aliamini. Kulipokucha, Wagiriki hawakuwa na pa kukimbilia ila kupigana, na Waajemi walikuwa wamejibana katika mlangobahari usioweza kuutumia wingi wao.

Baada ya ushindi majemadari walikutana ili wampigie kura aliyestahili tuzo ya kwanza na ya pili. Kila mmoja alijipigia mwenyewe kura ya kwanza, na wengi wao wakampa Themistokles ya pili. Tuzo haikutolewa. Kisa hiki ni cha kuchekesha, na pia ni hesabu sahihi kabisa ya nani alishinda. Wasparta walimvika taji la zeituni na kumpa gari zuri kuliko yote ya mji wao, na inasemekana katika michezo ya Olimpiki iliyofuata watazamaji waliwasahau wanamichezo wakawa wanamkodolea macho yeye siku nzima. Kleos yake ilikuwa imekamilika.

Waathens walirejea kwenye magofu. Themistokles aliwahimiza kujenga kuta upya, akaenda Sparta kama mjumbe na kuwachelewesha Wasparta kwa visingizio hadi kuta zilipofikia kimo cha kulindika. Wasparta hawakumsamehe. Nyumbani nako alikosea kwa jambo dogo la majina. Karibu na nyumba yake mtaani Melite alijenga hekalu la mungu Artemis, akampa lakabu ya Aristoboule, yaani Mwenye Shauri Bora. Kila mtu alielewa kwamba shauri lililosifiwa lilikuwa la Themistokles mwenyewe. Masalia yanayodhaniwa kuwa ya hekalu hilo yalichimbuliwa mwaka wa 1958, nayo ni ya jengo dogo kabisa. Jengo dogo, jina kubwa. Na watu hukasirishwa zaidi na jina. Aidha, mshairi Timokreon wa Rhodes, rafiki wa zamani aliyeachwa uhamishoni, alimwandama kwa tungo za dhihaka akimwita mwongo, dhalimu na mla rushwa. Wanafunzi wa ushairi wa kujibizana wanajua kwamba mtu haanzi kutungiwa mashairi ya namna hiyo mpaka awe mkubwa.

Majira ya kuchipua ya mwaka 472 K.K. Aiskhylos aliigiza tamthilia yake Waajemi. Aiskhylos alikuwa amepigana vitani mwenyewe, na gharama za igizo zilibebwa na kijana Perikles. Tamthilia inasimulia Salamis yote, na inataja majina ya makamanda wa Kiajemi kwa makumi, kama mto usiokatika. Haimtaji Mgiriki hata mmoja. Mbinu ya Sikinnos imo, lakini aliyeleta ujumbe ni Mgiriki fulani tu aliyetoka katika kundi la merikebu za Athens. Wahakiki wameufasiri ukimya huu kwa njia mbili. Wapo wanaosema ushindi ulipaswa kuwa wa mji mzima, na kumtaja mmoja kungewanyima wengine. Wengine wanasema kila mtazamaji ukumbini alilijua jina lililoachwa, na kuliacha kulikuwa njia ya kulitaja bila kulitaja. Fasiri ya pili inaelekea kuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa wakati huo jina hilo lilikuwa tayari likikwaruzwa kwenye vigae.

Yapata mwaka wa 471 K.K. kura zilitosha. Hadi leo vimepatikana Athens vigae zaidi ya 2,000 vyenye jina lake, vingi vikitoka Kerameikos ambako katika miaka ya 1960 kulichimbuliwa vigae zaidi ya 8,000 vya wanasiasa mbalimbali. Kwa mwanaisimu vigae hivi ni hazina, maana vimeandikwa na watu wa kawaida kama walivyosikia. Vingi havikuandika Themistokles. Viliandika Themisthokles, kwa th ya pili mahali pa t. Katika Kigiriki cha wakati huo th haikuwa sauti iliyomo katika neno thelathini. Ilikuwa t yenye mpumuo, mfano wa ile inayotenganisha maneno kadhaa katika lahaja ya Kimvita. Mpumuo wa mwanzo wa jina uliathiri silabi iliyofuata, na mkono wa mwandishi ukafuata sikio. Baadhi ya waandishi walitaja baba, baadhi wakataja kitongoji, na wapo walioongeza kitenzi kimoja cha kumwamuru aondoke. Hasira yao inasomeka, na matamshi yao yanasomeka, baada ya miaka 2,400 na zaidi.

Alikwenda Argos. Huko ndiko zilikomfikia tuhuma za Wasparta kwamba alishirikiana na Pausanias kuwauza Wagiriki kwa Mwajemi. Athens ilituma watu wa kumkamata, naye akakimbia. Kuanzia hapa maisha yake ni maisha ya mtu anayelikimbia jina lake. Alipita Korkyra, akafika kwa Admetos, mfalme wa Wamolosi, ambaye zamani alikuwa amemnyima ombi lake. Akaketi jikoni pa mfalme amempakata mtoto wa mfalme, na kwa desturi ya nchi ile ombi la namna hiyo halikukataliwa. Akavuka milima hadi Pydna, akapanda merikebu ya mfanyabiashara bila mtu kumjua. Dhoruba iliisukuma merikebu hadi Naxos, mahali ambapo kundi la merikebu za Athens lilikuwa limekizingira kisiwa. Thucydides anasimulia kwamba hapo alimfunulia nahodha jina lake na sababu ya kukimbia kwake, akamwahidi malipo mema, na kumtishia kwamba akimtoa atasema alihongwa amsafirishe. Nahodha alitia nanga mbali na pwani mchana kutwa na usiku kucha, kisha akamfikisha Efeso.

Plutarch anaongeza kwamba mfalme wa Uajemi alikuwa ametangaza talanta 200 kwa atakayemleta, na kwamba mkimbizi alisafirishwa ndani ya gari lililofunikwa, akidaiwa kuwa mwanamke wa nyumba ya mkubwa. Alipofika kwenye jumba la kifalme na kuulizwa yeye ni nani, alikataa kujibu. Jina lake, alisema, hataambiwa mtu yeyote kabla ya mfalme. Katika masimulizi ya Thucydides, barua yake kwa Artaxerxes, aliyekuwa ametwaa kiti karibuni, ilianza na jina hilo bila kuzunguka. Alikiri kwamba hakuna Mgiriki aliyeidhuru nyumba ya mfalme kuliko yeye, na akadai pia shukrani kwa wema aliomtendea Xerxes wakati wa kurudi kwake. Kisha akaomba mwaka mmoja.

Mwaka huo aliutumia kujifunza lugha. Hoja yake, kama inavyosimuliwa, ilikuwa kwamba maneno ya mtu ni kama zulia lililofumwa: likikunjuliwa maua yake yanaonekana, likikunjwa yanajificha, na kusema kupitia mkalimani ni kulikunja. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60. Alijifunza Kiajemi kwa kadiri alivyoweza pamoja na desturi za nchi, akazungumza na mfalme ana kwa ana, na akapata heshima ambayo hakuna Mgiriki aliyekuwa ameipata hapo kabla. Wapo waandishi wanaoharakisha kulipita jambo hili ili wafikie suala la usaliti. Ni kosa. Katika maisha yote haya, mtu aliyeweka ujanja wake chini na kuwa mwanafunzi wa lugha ya aliowashinda ndiye mwenye kustaajabisha zaidi.

Mfalme alimpa miji mitatu: Magnesia kwa ajili ya mkate, uliokuwa ukitoa talanta 50 kwa mwaka, Lampsakos kwa ajili ya divai, na Myous kwa ajili ya kitoweo. Magnesia alitawala kama mtu wa mfalme, na huko akagonga sarafu za fedha. Upande mmoja yupo Apollo aliyesimama, na kando yake jina lake katika hali ya umiliki: ya Themistokles. Mjini Athens jina hilo lilikuwa limekwaruzwa juu ya vigae vya kutupwa. Huku lilikuwa limepigwa chapa juu ya fedha, chini ya himaya ya adui wa zamani. Sarafu hizo chache zilizosalia zimo miongoni mwa sarafu za mwanzo kabisa zenye jina la mtawala Mgiriki aliyekuwa hai.

Alifariki Magnesia yapata mwaka wa 459 K.K. Thucydides anasema ni ugonjwa. Wengine walisema alikunywa damu ya fahali ili asilazimike kuwaongoza Waajemi dhidi ya nchi yake, kisa ambacho Aristophanes alikifanyia mzaha jukwaani mwaka wa 424 K.K. Damu ya fahali haiui, na Thucydides alikuwa mtafiti makini. Hata hivyo kisa hicho kilipendwa, kwa kuwa kilimrudishia mtu ile themis iliyoonekana kumponyoka. Jamaa zake walisema mifupa yake ilirudishwa Attica na kuzikwa kwa siri, maana sheria haikuruhusu msaliti azikwe katika ardhi ya nchi.

Watoto wake waliyabeba maisha yake katika majina. Mwana mmoja aliitwa Neokles, kama babu. Diokles na Kleophantos waliendeleza mvumo wa ukoo. Archeptolis, mkuu wa mji, aliurithi utawala wa Magnesia na kugonga sarafu zake mwenyewe. Miongoni mwa mabinti walikuwamo Mnesiptolema, mwenye kukumbuka vita, na Nikomache, mshindi wa vita. Wengine wawili waliitwa Italia na Sybaris, majina ya magharibi ya mbali ambako baba yao aliwahi kutishia kuwahamishia Waathens wote, majemadari walipotaka kuiacha Salamis. Kitindamimba aliitwa Asia. Ramani ya ndoto na ya uhamisho ilichorwa kwa mabinti watatu, na hakuna mwanahistoria aliyeieleza kwa ufupi zaidi.

Jina lenyewe halikuzikwa. Plutarch anayamaliza maisha ya Themistokles kwa kumtaja Themistokles mwingine, Mwathens wa kizazi hicho, aliyesoma pamoja naye chuoni kwa mwanafalsafa Ammonios na ambaye bado alikuwa akipokea heshima ambazo Magnesia iliwapa warithi wa yule wa kwanza. Cicero alilitumia jina hilo kila alipofikiria uhamisho. Metastasio alilifanya kuwa kichwa cha mchezo wake wa kuimbwa mwaka wa 1736. Napoleon, aliposhindwa mwaka wa 1815 na kutaka kujisalimisha kwa Waingereza, alijilinganisha na Themistokles katika barua yake kwa mwanamfalme aliyekuwa akitawala, akiomba hifadhi kwa adui kama yule alivyoomba. Artaxerxes alitoa miji mitatu. Waingereza walitoa kisiwa cha St Helena.

Nchini Ugiriki jina linaendelea kupewa watoto wa kiume, na th yake sasa ndiyo ile ya thelathini. Themistoklis Sofoulis aliliongoza taifa hilo kama waziri mkuu kwa vipindi kadhaa na kufariki akiwa madarakani mwaka wa 1949. Majumbani na mitaani, hata hivyo, ni wachache wanaolitamka lote. Mtoto aitwaye Themistoklis huitwa na mamake na rafiki zake Themis. Kleos imekatwa, wanaita haki peke yake.